Rangi Zilizotembea Ukutani

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto mkubwa mwenye chumba chake, na chumba kina mlango, na mlango una ufunguo, soma habari hii mpaka mwisho kabla hujaenda kuchungulia. Mama wa habari hii hakuwa na wa kumwonya. Alikwenda na kidole chake mwenyewe, na kidole ndicho kilichomponza.

Watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu alikuwa fundi cherehani na hakuna pindo alilolishona likafumuka. Alishonea barazani, cherehani kikitazama barabara, ili aone nani anapita na anapita na nani. Uoga wa mambo ya watoto alikuwa nao tangu zamani. Wanawe walipokuwa wadogo, hakuna dawa iliyoingia vinywani mwao bila yeye kuionja kwanza. Ya kikohozi, ya minyoo, ya homa, zote zilipita kwenye ulimi wake. Daktari mmoja aliwahi kumwambia, "Mama, hiyo ni ya mtoto, si yako." Akajibu, "Ikiwa ni sumu, nani atangulie?" Daktari akamwita mgonjwa mwingine.

Wakubwa walioa na kuolewa, wakaondoka. Akabaki na kitinda mimba wake, binti wa miaka ishirini na ushei, jina la utani Nyenje, maana tangu anatambaa hajawahi kufunga mdomo. Nyenje alikuwa na kazi nzuri tu, kutoa kopi na kuchapa barua za watu katika duka la vifaa vya ofisi. Lakini jioni na mwisho wa wiki alijifungia chumba cha uani na wenzake wawili. Mmoja alikuwa fundi wa majokofu, wakimwita Debe, kwa vile alipiga ngoma kama mtu anayegombana na debe. Wa pili alikuwa mwalimu wa chekechea, binti mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto, ambaye akishakaa mbele ya kinanda ungedhani amekalia kaa la moto.

Walikuwa wanarekodi albamu. Hilo Mama Pindo aliambiwa, hakufichwa. Albamu ya roki ya kizamani, ya mtindo wa enzi za suruali bugaluu na nywele zilizofutuka kama kiota. Gitaa lenye mwangwi usiokwisha, kinanda kinacholia kama kimezama majini, nyimbo ndefu zisizojua kufika. Nyenje alimweleza kwamba ni muziki wa kumfanya mtu aone rangi akiwa amefumba macho. Hata jina la albamu lilikuwa tayari: *Samaki Hafumbi Macho*.

"Kwa hiyo mtu anaona rangi," alisema Mama Pindo, pini mdomoni.

"Ndiyo, mama."

"Na macho kafumba."

"Kafumba kabisa."

"Akifumbua je?"

"Tukifanya vizuri, akifumbua anaziona bado!" Nyenje akacheka, akaenda zake.

Mwanamke mwingine angemwita, akauliza swali la pili. Mama Pindo alilimeza. Na swali lililomezwa halisagiki tumboni. Hukaa humo likazaa mengine.

Wiki ile ile mengine yakaanza kuzaliwa. Nyenje alipita kwa majirani kuomba trei tupu za mayai, akazibandika ukuta mzima wa chumba, na nyumbani hapo mayai hayakuliwa hivyo. Akaanza kuingia jikoni na miwani ya jua, jua likiwa limeachwa nje. Akaomba ashonewe bugaluu, mguu mmoja ukameza kitambaa cha gauni zima. Halafu mchana mmoja, Mama Pindo akipita uani na beseni la nguo, akasikia sauti ya mwanawe ikitoka chumbani, ni yake haswa, lakini maneno si maneno. Yalikuwa yanavutwa kwenda ndani badala ya kutoka nje, kama mtu anayemeza hotuba. Beseni likamponyoka.

"Mtoto wa binamu yangu," alisema jirani yake muuza mkaa, bila kuulizwa, "alianza hivi hivi na miwani. Mimi sisemi kitu. Nasema tu alianza na miwani."

Basi Mama Pindo akampigia simu kaka yake. Huyo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine, na aliamini hakuna ugonjwa wa kijana usiotibika kwa kumpa misumari aipime kwa kilo.

"Anatumia," kaka alikata shauri, hata kabla dada yake hajafika kwenye trei za mayai. "Hayo ni madawa. Jumamosi nakuja, nimchukue. Atakaa kaunta ya misumari chini ya macho yangu, mwaka mmoja, kichwa kitanyooka."

"Na hayo mambo yao ya muziki?"

"Muziki! Atasikiliza nyundo."

"Na kama si kweli, kaka?"

"Basi tafuta ushahidi kabla sijafika. Nikifika bila ushahidi wa kunizuia, naondoka naye."

Mama Pindo alikubali, akakata simu, akashona mkono wa shati shingoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki nyumbani, na ameshamtoa kwa maneno machache ya simu. Angeweza kwenda uani wakati ule ule, agonge, aulize. Alifika hata mlangoni. Akarudi.

Jumamosi ikafika. Asubuhi Nyenje na wenzake walitoka kumfuata mpiga picha wa kuwapiga picha ya jalada la santuri. Chumba walikiacha kimepangwa tayari, kila kitu mahali pake, ili mgeni akifika wabonyeze swichi moja tu na mambo yawake. Mama Pindo aliwasubiri wapotee kwenye kona. Kisha akafukua ufunguo wa akiba ndani ya kopo la vifungo, akajisemea, "Mwanamke jikaze," akaingia na kurudishia mlango nyuma yake.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Akawasha tochi ya simu. Mezani aliona mashine ya tepu ya zamani, magurudumu yake makubwa kama sahani. Kando yake, feni ndogo. Na mbele ya feni, kitu ambacho walimu wa zamani walikitumia kumulikia maandishi ukutani, sanduku lenye kioo juu, taa ndani, na kichwa chenye lenzi kwenye shingo ndefu. Lakini Mama Pindo aliishia darasa la saba, na shule yake haikufikiwa na makubwa hayo. Yeye aliona jiko. Juu ya jiko palikuwa na bakuli la kioo, na ndani ya bakuli kimiminika cha bluu na chekundu, kikielea mapande mapande yasiyochanganyika.

"Ndipo wanapoipikia," alinong'ona. "Kumbe ni ya kunywa!"

Alikinusa. Hakina harufu. Hapo moyo ukampa tahadhari: kisicho na harufu ndicho kiovu. Sasa afanye nini? Kaka yuko njiani, ushahidi uko bakulini, na yeye ana njia moja tu ya kujua kitu, ile ile aliyoitumia kwa dawa ya minyoo. Akachovya kidole. Akalamba.

Kilikuwa na mafuta, na utamu kwa mbali. Akasubiri kufa. Hakufa. Akaonja upande wa bluu, maana haki ni kuonja pande zote. Hapo simu ikazima, chaji imekwisha, giza likamfunika. Akapapasa ukuta, kidole kikakuta swichi, akabonyeza.

Mzazi mwenzangu, taa aliyoitaka haikuwaka. Viliwaka vingine vyote. Feni ikapuliza bakuli, taa ya lile sanduku ikalimulika kutoka chini, na ukuta mzima, trei za mayai na vyote, ukageuka rangi zinazotembea. Mapovu mekundu yalivimba, yakagawana, yakamezwa na ya bluu. Na magurudumu ya tepu yakaanza kuzunguka. Vijana wale, kama wanamuziki wa enzi hizo, walipenda kuchukua sauti na kuicheza kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ikatoka sauti ya Nyenje inayomeza maneno, na nyuma yake gitaa likilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

"Imenipanda," alisema Mama Pindo. Akakaa sakafuni.

Alifumba macho. Rangi zikabaki nyuma ya kope, nyekundu na bluu. Akakumbuka: *macho kafumba*. Akafumbua. Ziko ukutani. *Akifumbua anaziona bado.* Yote aliyoambiwa yametimia, na yeye alilamba mara mbili tu! Sasa mtoto anayekunywa kila jioni anaishije?

Akili ilimtuma atoke nje. Lakini nje kuna baraza, na barazani kuna wateja, na jirani wa mkaa ana macho. Fundi wa heshima hawezi kutokea mbele za watu akiwa amelewa kabla ya chakula cha mchana. Akaamua atawehukia humu humu ndani.

"Hodi!" Sauti ya kaka yake ikasikika uani. "Hodi wenyewe! Mbona kimya?"

Mama Pindo alijaribu kuita, likatoka guno. Kaka akalifuata, akasukuma mlango, akaingia na mkoba wake wa safari. Rangi zikamjaa usoni. Povu la bluu likampita kwenye paji la uso, likateremkia tumboni.

"Kaka, usivute pumzi!"

Lakini mtu akiambiwa asivute pumzi, jambo la kwanza analofanya ni kuivuta. Aliivuta ndefu, ya safari nzima.

"Hii nini?" aliuliza.

"Unaona rangi?"

"Naona."

"Zinatembea?"

"Zinanifuata!"

"Basi na wewe tayari," alisema Mama Pindo, akaanza kulia. "Iko hewani. Mimi nililamba, wewe umevuta. Funga mlango, kaka, isije ikawatokea watoto wa watu!"

Kaka alifunga mlango haraka, kwa upendo wa jamii, akajifungia humo na ugonjwa. Akaegemea ukuta, ukuta wenyewe unatambaa. Akashuka polepole mpaka akalala chali, mkoba kifuani. Hajawahi maishani kuonja hata bia, na sasa ameangushwa na pumzi moja.

"Mdogo wangu," alisema, "shika maneno yangu. Baiskeli apewe mlinzi wa duka. Duka ligawanywe sawa, lakini shemeji asisogezwe karibu na saruji. Nasema tena, asisogezwe."

"Usiseme hivyo, kaka."

"Na stoo ya nyuma ina mabati yenye kutu. Yauzwe ya kwanza, kabla habari za msiba hazijafika kwa wateja."

Hapo mlango wa uani ukagongwa. "Mama Pindo! Nimefuata sketi yangu!"

Wawili wale wakatazamana. Mama Pindo akakusanya sauti ya kawaida iliyobaki mwilini.

"Iko juu ya cherehani, mama! Chukua mwenyewe! Usije huku, kuna... kuna hewa!"

"Hewa gani?"

"Hewa mbaya!"

"Haya, pole. Kunywa maji ya moto," alisema mteja, na visigino vyake vikaondoka haraka kuliko vilivyokuja.

Haukupita muda, ukasikika mlango tena, na safari hii hakuna aliyepiga hodi. Nyenje aliingia na wenzake. Mpiga picha alikuwa amesema atafuata baadaye, na ni kheri hivyo. Walimkuta mjomba chali, rangi zikimpanda na kumshuka, na mama amepiga magoti akimpepea kwa upindo wa kanga.

Mwalimu wa chekechea alikuwa ameumbwa na adabu. "Shikamoo mjomba," alisema.

"Marahaba," mjomba alijibu kutoka sakafuni. "Tokeni, wanangu. Msivute."

Nyenje akanyoosha mkono kwenye swichi. Ta! Rangi zikafa, tepu ikanyamaza. Debe akashusha blanketi dirishani, na mchana ukaingia kama kawaida yake.

Mjomba alipepesa macho. Akautazama ukuta. Trei za mayai. Akajipapasa. "Mimi," alisema taratibu, "naona nimepona."

"Mama, hebu toa ulimi," alisema Nyenje.

Mama Pindo aliutoa. Ulikuwa wa bluu, na ncha ya zambarau.

"Umelamba bakuli!"

"Nimelamba."

"Mama, yale ni mafuta ya kupikia na maji ya rangi za keki! Ile mashine inayamulika ukutani. Ni mapambo ya muziki!"

"Ya keki?" aliuliza mjomba.

"Ya keki, mjomba. Ile ya vichupa vidogo."

Mjomba aliinuka, akajikung'uta magoti, akaurudisha uso wake wa dukani. "Mimi nilijua mapema," alisema. "Nilikuwa namtuliza mama yako."

"Tulikuwa mlangoni, mjomba," alisema mwalimu kwa upole wake. "Tulisikia kuanzia baiskeli."

Debe alitoka nje ghafla, akaegemea ukuta wa uani, mabega yakimtikisika. Hata Nyenje alikuwa amejishika mbavu. Lakini mjomba hakuwa mtu wa kusafiri bure, na aliyechekwa hutafuta haraka mahali pa kurudishia heshima.

"Chekeni," alisema. "Mimi nimekuja kwa jambo moja. Nyenje, funga virago. Unahamia kwangu, kaunta ya misumari. Gari letu linaondoka alasiri."

Kicheko kikaisha. Nyenje alimtazama mjomba, kisha akamtazama mama yake, akakaza macho hapo.

"Nani kasema?"

Mama Pindo angeweza kusema ni mjomba. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi ule wa bluu. Akaliacha.

"Mimi nilimwita. Nilidhani unatumia madawa."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Mama, kutoka cherehani chako mpaka mlango huu hata viatu huvai! Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utanijibu," alisema Mama Pindo.

Nyenje alikaa kwenye kiti cha kinanda, akageuza uso. Mama Pindo akaona wazi kwamba aliyekuwa karibu kumpoteza mtoto si bakuli, ni yeye mwenyewe. Akasimama.

"Kaka, asante kwa kuja. Huyu haendi."

"Haendi? Na nauli yangu, na shughuli nilizoziacha?"

"Nimekusumbua, unisamehe. Utakula, utapumzika, utarudi. Kaunta ina watu wengine, mimi nina huyu."

"Leo rangi za keki! Kesho je?"

"Kesho nitamuuliza."

Mjomba alinung'unika kwamba wanawake hawana msimamo, akachukua mkoba. Mlangoni akasita. Akakohoa. Akasema kwamba, kwa usalama wa nyumba, ingefaa mashine ile iwashwe tena kidogo, aikague kama mtu mzima. Blanketi likarudishwa, swichi ikabonyezwa, safari hii tepu ikichezwa kwenda mbele kama inavyotakiwa. Ukaguzi ukachukua upande mzima wa tepu. Alikagua akiwa ameketi, mikono magotini, na mguu wa kulia ukikagua kwa kupiga sakafu. Wimbo wa mwisho ulipokwisha alisema tu, "Gitaa limezidi," akala, akaondoka.

Debe na mwalimu nao wakatoka kumpigia simu mpiga picha. Wakabaki wawili, mama na binti, kwenye benchi la uani.

"Sasa naanza kuuliza," alisema Mama Pindo.

"Uliza."

"Miwani."

"Ile taa inaumiza macho. Nikija jikoni nasahau kuivua."

"Trei za mayai."

"Zinameza kelele, wewe ushone kwa amani."

"Kwa amani! Mwezi mzima sijalala kwa ajili ya amani hiyo." Akavuta pumzi. "Na huo muziki, ukweli mwanangu, mimi siupendi. Wimbo mrefu kama foleni ya maji, na ukifika bombani, maji hakuna."

Nyenje alicheka, kicheko cha kwanza tangu aambiwe afunge virago, na Mama Pindo akalegea mabega.

"Albamu ikitoka, mtafanya nini?"

"Tutazunguka miji, tupige. Miezi kadhaa."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo, na lilikuja bila madawa wala mapovu. Alilipokea. Hakulionja mara mbili.

"Mtalala wapi?"

"Mji wa kwanza, kwa dada yake Debe. Mingine hatujajua."

"Kwa dada yake Debe," alirudia Mama Pindo. Mambo ya kuuliza yalikuwa matamu kuliko alivyodhani, kila swali linafungua mlango bila ufunguo wa kopo. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Huyo Debe naye, ni wa muziki tu, au?"

Nyenje, ambaye tangu anatambaa hajawahi kufunga mdomo, aliufunga. Akaangalia kucha zake. Akaangalia mlango aliotokea Debe. Mama Pindo akasimama ili aone anachokitazama.

Nyenje akapangusa benchi kwa kiganja, pale kando yake.

"Mama," alisema, "kaa kwanza."